Misumari ya Mzee Kiganja

Hakuna fundi cherehani ambaye hajawahi kuitwa mwizi. Nguo ikibana, fundi amekata vibaya. Ikipwaya, amekata vibaya vilevile. Na kitambaa kikipungua, basi amekula. Hivyo ndivyo watu wanavyosema, amekula, utadhani nyumbani kwa mafundi kitambaa cha drili hupikwa kikapakuliwa kwenye sahani. Mtu mwenye akili zake timamu, anayejua kwamba vipande vya kitambaa havinunui hata sabuni, atasimama mbele ya mama mtu mzima na kumwambia bila haya kwamba amekula mita mbili. Jambo hili hunipandisha hasira kila nikilikumbuka, kwa hiyo msomaji anisamehe nikianza kisa cha Bi Pindo huku nimenuna.

Jina hilo la Bi Pindo alipewa kwa sababu ya mapindo yake. Nguo aliyoipinda yeye ungeweza kuigeuza ndani nje ukatembea nayo mjini, usionekane kituko. Alikuwa na cherehani mbili kwenye kibaraza cha mafundi, nyuma ya soko: moja yake, ya miguu, na nyingine karibu na dirisha, iliyofunikwa shuka muda wote. Hiyo ya dirishani ilikuwa ya wifi yake, dada wa mumewe, ambaye hakuwa akishona tena pale kwa muda wa miaka kumi na mmoja. Mteja mgeni akiuliza kwa nini cherehani nzima imekaa bure, Bi Pindo alikuwa akimuuliza anataka kola ya namna gani.

Kazi aliifunzwa na shangazi yake, na shangazi yake alikuwa mtu wa yadi. Siku hizo kitambaa kilipimwa kwa yadi na si kingine. Futi tatu, inchi thelathini na sita, ndiyo yadi, na asiyekuwa na utepe wa kupimia alijipimia mwilini: alishika ncha ya kitambaa puani, akageuza uso upande wa pili, akanyoosha mkono mpaka ncha za vidole. Shangazi alikuwa akipima hivyo mbele ya wateja kwa mbwembwe, kisha anaweka utepe juu yake, na mara nyingi tofauti ilikuwa haifiki kidole. Gauni la mtu mzima, yadi tatu. Sketi, yadi moja na nusu. Bi Pindo aliyameza mahesabu hayo akiwa msichana na hayakumtoka. Mita zilipoingia, zikaandikwa kwenye vibao na kwenye risiti, yeye naye akazoea kuwaandikia wateja mita, maana hakuwa mbishi wa kijinga. Alijua fika kwamba mita ni ndefu kuliko yadi kwa inchi tatu na kitu, kama upana wa vidole vinne. Lakini mdomo una mazoea yake. Mpaka leo ukipita kwenye kibaraza kile utasikia fundi anamwambia mwenzake amwazime yadi ya bitana ya kushonea ndani ya nguo, na anayeombwa anakata mita, na hakuna anayeona ajabu.

Sasa, Ijumaa moja asubuhi alikuja Mwalimu Mkuu wa shule ya watoto wadogo kuchukua makoti. Walimu wake walikuwa kumi na wawili, na alitaka kila mmoja awe na koti jepesi la kuvaa darasani, la drili ya buluu, lenye mifuko miwili ya kutilia chaki. Bi Pindo alikuwa amempigia hesabu na kumwambia kila koti litakula mita mbili na nusu, jumla mita thelathini. Mwalimu mwenyewe akaenda dukani, akakatiwa mita thelathini akishuhudia kwa macho yake, akazileta zimekunjwa na kufungwa kamba, risiti imebanwa kwa pini. Bi Pindo hakuzipima. Hiyo ndiyo desturi ya mafundi wa pale: kitambaa kilichokuja na risiti hakipimwi mbele ya mwenyewe, maana ni sawa na kumwambia humwamini, na kikishapokelewa hakuna wa kurudi nyuma. Isitoshe, kitambaa hicho kilitoka kwa Mzee Kiganja.

Mzee Kiganja alikuwa mwenye duka la vitambaa la pale pembeni, duka la baba yake kabla yake, na hakuna aliyekuwa na neno baya juu yake. Jina lake lilitokana na nyongeza. Akishamaliza kupima, kabla ya kutia mkasi, aliweka kiganja chake juu ya kitambaa, akasogeza upana wa kiganja kizima, ndipo akakata. Alifanya hivyo kwa kila mteja, anayenunua mita moja na anayenunua mita mia. Watu walikuwa wakipita maduka mengine matatu kwenda kukatiwa na Mzee Kiganja, na kina mama waliokuwa wakigombania bei na kila mtu hawakuwa na ubishi kwake. Mtu anayekuongezea bila kuombwa utamshukia kwa lipi?

Basi Bi Pindo alikata koti la kwanza, la pili, la tatu, mpaka la kumi na moja, na kitambaa kikaisha. Alibaki na ukanda wa upana wa vidole viwili mkononi. Alitafuta chini ya meza. Alitafuta ndani ya kapu la vipande. Alihesabu makoti mara mbili, mara ya pili akiyagusa moja moja kama mtu anayehesabu watoto wake baada ya msukosuko. Yalikuwa kumi na moja.

Ijumaa ile alimweleza Mwalimu Mkuu ukweli huo huo, kwamba kitambaa kilikuja pungufu. Mwalimu hakupandisha sauti mwanzoni. Alitoa risiti, akaonyesha kwa kidole palipoandikwa mita thelathini. Akasema yeye alisimama pale dukani, akahesabu kwa mdomo wake moja mpaka thelathini, na juu yake akaongezewa kiganja. Bi Pindo akajibu kwamba hajui yaliyotokea dukani, anajua kilichopita mezani pake. Hapo ndipo Mwalimu alipogeuka, akawatazama mafundi wengine watano waliokuwa wamepangana kibarazani na cherehani zao, akasema kwa sauti ile ya darasani, inayofika mpaka benchi la nyuma:

"Kitambaa hakina miguu, fundi."

Cherehani zote zikanyamaza. Bi Pindo aliyasikia maneno yale yakimwingia, na yalimchoma kwa namna ambayo hakutaka kujiuliza ni kwa nini. Mwalimu akayabeba makoti yake kumi na moja, akasema anataka la kumi na mbili kabla ya siku ya wazazi, la sivyo atawaambia wazazi wote wa shule yake wapeleke sare kwingine, na sababu ataitaja.

Kabla jua halijazama mji mzima ulikuwa na habari. Jumamosi walikuja wateja wawili kuchukua vitambaa vyao visivyokatwa bado. Mmoja akasema safari imeahirishwa, mwingine hakujisumbua hata kutunga uongo. Mteja wa tatu aliacha kitambaa chake, lakini kwanza alikitandaza pale pale mezani na kukipima kwa mkono, toka puani mpaka vidoleni, huku akimtazama usoni. Miaka ishirini na sita ya kuinamia cherehani, mgongo umepinda, macho yameanza kuomba miwani, halafu mtu anakupimia kitambaa puani mwake kama wewe ni kibaka. Bi Pindo alifika nyumbani mori umempanda, akaipiga sufuria chini kwa kishindo mpaka mumewe, ambaye alikuwa fundi saa na mtu wa maneno machache, akaondoa jichoni ile miwani yake ya tundu moja na kuuliza kulikoni. Akaambiwa. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema pole, akairudisha miwani jichoni.

Jumatatu Bi Pindo aliamka na shauri. Alikwenda kwa Mzee Kiganja kama mteja yeyote, akaomba mita moja ya bitana. Mzee akampimia, akamwekea kiganja chake, akamkatia kwa tabasamu lake la siku zote. Alipofika kibarazani aliutandika utepe juu ya bitana ile. Ilikuwa mita moja kamili na imezidi kidogo, kama unene wa kidole. Akapima tena. Vilevile. Jaribio hili alikuwa amelifanya mara moja zamani, akapata jibu hilo hilo, na siku hiyo lilimtosha. Safari hii halikumtosha, kwa sababu safari hii anayeitwa mwizi alikuwa yeye.

Alikaa na ile bitana mapajani asubuhi nzima. Kama Mzee anapunja, alijiambia, angeanza kupunja kwenye mita ya kwanza. Mita ya kwanza haikupunjwa, imezidi. Na yeye hakula kitambaa cha mtu, hilo alikuwa na yakini nalo kuliko alivyokuwa na yakini na jina lake. Basi kitambaa kilikwenda wapi? Hasira ina faida yake moja: haikuachii usingizi wala haikuachii uvivu. Jumanne akarudi dukani, akaomba mita tatu.

Mita tatu zile alipozipima zilipungua. Zilipungua upana wa kiganja na nusu. Moja imezidi, tatu zimepungua, na aliyezikata ni mtu yule yule kwa mkasi ule ule. Bi Pindo aliinuka bila hata kuvaa viatu vyake vya kutokea, akaenda kusimama mlangoni pa duka, akajifanya anachagua vifungo kwenye kikapu, na jicho lake likawa mikononi mwa mzee.

Mzee Kiganja hakuwa anatumia utepe wala kijiti cha kupimia. Kwenye ukingo wa meza yake ndefu ya mbao palikuwa na misumari miwili ya shaba, vichwa vyake vimesuguliwa na miaka ya vitambaa mpaka vinang'aa. Alikuwa akivuta kitambaa kutoka msumari mmoja mpaka mwingine na kusema moja, kisha mbili, kisha tatu, haraka haraka, vidole vikijua njia vyenyewe. Kila mtu mjini alikuwa ameiona misumari ile. Bi Pindo aliiona tangu akiwa msichana anayeshika mkono wa shangazi yake, na hapo, kwenye kikapu cha vifungo, alimkumbuka shangazi amesimama mbele ya meza ile ile akiomba yadi tatu za poplini, na mzee aliyekuwepo siku hizo akivuta, moja, mbili, tatu, kati ya misumari hiyo hiyo.

Nadhani mtu mwingine angepiga kelele pale pale. Bi Pindo alinunua vifungo sita ambavyo hakuvihitaji, akaondoka.

Jumatano asubuhi alikuwa shuleni. Mwalimu Mkuu alituma neno kwamba ana shughuli. Bi Pindo akajibu kwamba atasubiri, na kwa kuwa shule ile haikuwa na viti vya watu wazima nje ya ofisi, alikaa kwenye kiti cha watoto chekundu, magoti yakamfika kidevuni, na akakaa hapo kwa saa moja na nusu na mkoba wake kifuani, akiwatazama walimu kumi na mmoja waliovaa makoti ya buluu na mmoja aliyevaa kanzu yake ya nyumbani. Watoto walikuja kumuuliza kama yeye ni mwanafunzi mpya. Hatimaye Mwalimu alitoka, akamkuta katika hali ile, na nadhani ni aibu zaidi kuliko huruma iliyomfanya akubali kufuatana naye mpaka dukani.

Duka lilikuwa na wateja wanne. Bi Pindo alimsalimu mzee kwa heshima zote, shikamoo kamili, akamwomba amwonyeshe Mwalimu mita yake ilivyo. Mzee akafurahi. Akavuta drili ya buluu kutoka msumari mpaka msumari na kuishikilia, mkono wa kushoto hapa, wa kulia pale. Bi Pindo akautoa utepe, akauweka juu ya kitambaa, akamwomba Mwalimu asome.

Mwalimu akainama. Akasoma sentimita tisini na moja. Akainua macho, akainama tena, akasoma tena. Bi Pindo akaugeuza utepe upande wa inchi, akamwomba asome na hapo. Thelathini na sita, haikuzidi wala haikupungua.

"Hii ni yadi, Mzee wangu," akasema Bi Pindo. "Ni yadi safi, haina kosa hata la uzi. Kosa lake ni kuitwa mita."

Mzee Kiganja hakuelewa, au hakutaka kuelewa. Alieleza kwamba misumari ile aliipigilia marehemu baba yake kwa mkono wake, na baba yake hakuwahi kumdhulumu mtu. Hilo lilikuwa kweli tupu. Marehemu aliuza yadi, akakata yadi. Kisha ikaja amri ya mita, akaitwa mchora vibao, akaifuta yadi kwa brashi na kuandika mita kwa rangi nyekundu, kazi ya dakika tano. Risiti zikachapwa mpya. Bei ikapandishwa kidogo, kwa sababu mita ni ndefu zaidi. Kila kitu kilibadilishwa dukani humo isipokuwa misumari miwili, na misumari ndiyo iliyokuwa duka lenyewe. Mimi sijui kama mwana alijua. Najua kwamba hakuna siku aliyochukua utepe na kuangalia, na kwangu mimi kutokutazama kwa miaka yote hiyo, wakati kutotazama kunakufaidisha, hakuko mbali sana na kujua.

Na kiganja? Kiganja ndicho kilichomfunika. Anayenunua mita moja alipunjwa vidole vinne, akarudishiwa kiganja, akaenda zake ameshiba. Anayenunua thelathini alipunjwa mara thelathini na kurudishiwa kiganja kile kile kimoja. Waliokuwa wakiangalia walikuwa wakiangalia mita moja tu.

"Lakini mimi nawaongezea," akasema mzee, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeonewa. "Na hakuna hata mmoja aliyewahi kuja hapa kunilalamikia."

"Hawakuja kwako," Bi Pindo akamjibu. "Walikuja kwetu."

Wateja wanne walianza kufungua vifurushi vyao. Mzee akakaa kwenye jora la kitambaa, mikono imelala mapajani. Ni Mwalimu aliyemwambia akate mita mbili na nusu zaidi, na Bi Pindo ndiye aliyezipima, kwa utepe wake.

Nje ya duka Mwalimu alimshika mkono, akamwambia basi, yamekwisha, wasahau. Bi Pindo akauzuia mkono wa Mwalimu pale ulipo. Akamwambia kwamba hayajaisha hata kidogo, kwamba neno lililotupwa kibarazani haliokotwi barabarani, na kwamba kama Mwalimu ana ulimi wa kumwita mwizi mbele ya watu watano, basi anao wa kulirudisha mbele ya watu hao hao. Mwalimu alitaka kukasirika, ikashindikana. Wakaenda kibarazani guu mosi guu pili, na pale, mbele ya mafundi watano, Mwalimu Mkuu akasema kwamba alikosea, kwamba kitambaa kilipunjwa dukani, na kwamba fundi huyu hakuchukua hata uzi. Alisema kwa sauti ya chini, Bi Pindo akamwomba aseme kwa ile sauti ya Ijumaa. Akasema tena kwa sauti hiyo.

Jioni hiyo Bi Pindo alifika nyumbani amechangamka, na jua halijatua bado alikuwa amekwisha kumsimulia mumewe mara mbili, na misumari, na kiganja, na kiti chekundu. Alitembea chumbani huku na huku akihesabu mateso yake: siku sita. Siku sita ameitwa mla vitambaa. Siku sita anapita sokoni watu wanapunguza sauti. Hivi ni haki? Mtu ameshona maisha yake yote, halafu neno moja tu linamvua nguo, na hakuna hata mmoja anayejisumbua kupima. Mumewe alikuwa na saa ya mtu imefunguka mbele yake. Hakuinua kichwa.

"Na yale mapazia?" akauliza.

Bi Pindo akasimama. Hakuuliza mapazia gani. Miaka kumi na mmoja iliyopita walipata kazi ya mapazia ya hosteli, yeye na wifi yake, kazi kubwa kuliko zote walizowahi kupata. Wifi ndiye aliyetumwa dukani kuleta kitambaa, mita arobaini, na kilipokatwa kilipungua mita tatu na zaidi. Wifi aliapa kwamba kimekuja hivyo hivyo kutoka kwa Mzee Kiganja. Bi Pindo alikuwa mtu wa haki, au alijiona hivyo, kwa hiyo hakumhukumu vivi hivi. Alikwenda kununua mita moja ya bitana, akaipima, akaikuta imezidi. Kisha akarudi kibarazani na ushahidi wake mkononi, akamwambia wifi yake mbele ya watu wote kwamba kitambaa hakina miguu.

Wifi alichukua mkasi wake siku hiyo, cherehani akaiacha. Alizunguka kwa mafundi wengine akiomba nafasi, na hakuna aliyempa, maana nani anamkaribisha mwenye mkono mrefu kwenye majora yake? Yeye ndiye aliyekuwa na mkono mzuri zaidi mjini kwa vitundu vya vifungo. Sasa alikuwa akipiga pasi mashuka kwa dobi.

Asubuhi Bi Pindo alikwenda huko. Chumba kilikuwa na joto na mvuke, na mashuka ya nyumba za wageni yalikuwa yamerundikwa mpaka dirishani. Wifi yake alimwona, akaendelea kupiga pasi. Bi Pindo alisimama pale mlangoni, akaeleza yote, tena kwa kigugumizi, misumari, yadi, kiganja, jinsi moja inavyozidi na arobaini zinavyopungua. Akasema amekosa. Akasema kwamba wifi yake hakuchukua hata uzi, na kwamba sasa anajua hivyo. Machozi yalikuwa yakimtoka na hakuyafuta.

Wifi alimaliza shuka, akaiweka pasi kando.

"Haya unaniambia mimi ya nini, wifi?" akauliza. "Mimi nilikuwa najua. Nenda ukawaambie waliosikia."

Hilo hilo ndilo Bi Pindo alilomdai Mwalimu Mkuu jana yake kwa kichwa kigumu. Akarudi kibarazani, akasimama katikati, na kwa sauti ya kufika mpaka benchi la nyuma akasema aliyoyafanya miaka kumi na mmoja iliyopita na kwa nini yalikuwa uongo. Lakini kati ya watano waliokuwepo sasa, watatu tu ndio waliokuwepo siku ile. Wengine wawili walikuwa wageni wa juzi na walimkodolea macho. Waliosikia siku ya mapazia walikuwa sita. Akaanza kuwatafuta waliobaki. Mmoja alikuwa amehamia upande wa pili wa mji, anauza mito. Akamfuata huko, akamwambia akiwa amesimama. Mwingine alikuwa amestaafu na masikio yamekuwa mazito, akalazimika kumwambia mara tatu, kila mara kwa sauti kubwa zaidi, na majirani wote wakasikia. Hiyo ilimchukua siku mbili. Cherehani yake ilikaa kimya, na koti la kumi na mbili lilikuwa limekamilika kila kitu isipokuwa vitundu.

Jumamosi alirudi kwa dobi na koti lile mkononi. Alimwambia wifi yake kwamba amewaona watano.

"Na muuza vifungo?" wifi akauliza.

Muuza vifungo alikuwa akipanga kikapu chake mwisho wa kibaraza, miaka hiyo. Alikuwa shoga mkubwa wa wifi, walikuwa wakila pamoja mchana, kila siku. Tangu siku ya mapazia aliacha kumwitikia salamu. Alifariki miaka miwili iliyopita, na Bi Pindo alikuwepo mazikoni.



"Basi huyo amekwenda nalo neno lile," akasema wifi. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililokuwa gumu kulivumilia. Alilitazama koti lililokuwa mkononi mwa Bi Pindo, akalitazama mbele lilipokuwa tupu, pasipo na vitundu, na hakulipokea. Kisha akavuta shuka kubwa kutoka kwenye rundo, akashika pembe mbili, akamtupia upande wa pili.

"Shika hapo," akasema. "Vuta mpaka linyooke."

Bi Pindo aliliweka koti juu ya kiti, akashika.